Jambo la Pili la Daktari Manassé

Esdras alikuwa mchoma matofali, na mtu wa kazi hiyo hapendi kufundishwa habari za moto. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na tanuri lake bondeni, chini ya mtaa wa Vulamba mjini Butembo, na nyumba nyingi za huko zilisimama kwa matofali yake. Alijua kuni zipi huwaka kwa utaratibu na zipi huwaka kwa fujo. Akipita karibu na jiko la jirani na kuona moshi mzito unatoka mlangoni, miguu ilimwasha kwa hamu ya kuingia arekebishe, lakini kwao mwanamume haingii jikoni, tena yeye alikuwa shemasi wa kanisa. Basi alipita tu huku akinung'unika.

Mke wake, Jokébed, alizaliwa Masereka, huko juu kwenye viazi na ukungu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwanamke mrefu, mpole kupita kiasi, na hilo la kupita kiasi halisemwi hapa kwa kumsifu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Akichomwa na mwiba shambani, aliutoa jioni akiwa nyumbani, ili asiwacheleweshe wenzake. Kanisani akina mama waliwaambia binti zao wamwige, na binti zao, kwa akili zao nzuri, hawakumwiga.

Ugonjwa ulianza vidoleni. Asubuhi za baridi, na asubuhi nyingi za Butembo ni za baridi, vidole vyake viligeuka vyeupe kama chaki, halafu bluu, halafu vikauma kana kwamba vimebanwa na mlango. Mwaka uliofuata ngozi ya mikono ikaanza kukaza. Pete ya ndoa ikakataa kutoka. Mdomo nao ukakaza, hata kijiko kikubwa kikawa hakiingii. Mwisho zikaja pumzi fupi na kikohozi kikavu. Kituo kimoja cha afya kikamtibu kifua kikuu, kingine minyoo, na jirani mmoja akanong'ona habari za sumu. Jokébed alimeza kila alichopewa na kusema asante.

Mwezi wa tano wa mwaka 2000, Esdras akapata habari kwamba hospitali moja ya Beni ina daktari aliyesomea Kisangani, ambaye vita vilimzibia njia akabaki huko huko. Jina lake Manassé. Beni iko kilomita hamsini na kitu kutoka Butembo, mahali pa chini penye joto, lakini wakati ule kilomita hizo hamsini zilikuwa safari ya kuaga watu. Wenye bunduki walikuwa wengi na kila kundi lilikuwa na kizuizi chake. Bahati nzuri kulikuwa na Jamali, Mwislamu wa Beni aliyesafirisha vitunguu na viazi kwa lori lake. Nyumba yake ilijengwa kwa matofali ya Esdras, na tangu ilipoezekwa bila hata tofali moja kupasuka, wawili hao waliitana ndugu. Akawapakia mbele, kando yake.

Daktari Manassé alikuwa kijana kuliko walivyomfikiria, na koti lake jeupe lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa. Mashine ya kupiga picha ya kifua ilikuwepo, ila filamu zake hazikuwepo. Alishika vidole vya Jokébed kimoja kimoja. Akamwangalia mdomo. Akamwekea chombo mgongoni, chini kabisa, akasikiliza kwa muda mrefu, na alichosikia ni mlio wa majani makavu yanayokanyagwa. Kisha akamwambia avute pumzi moja, na kwa pumzi hiyo moja ahesabu kwa sauti mpaka iishe.

"Kwa luga gani, docteur?" Jokébed akauliza.

"Ile yenye mama yako alikufundisha."

Akahesabu kwa Kinande. Akafika ishirini na nne. Daktari akaiandika namba hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari chini.

"Hii ugonjwa inaitwa sclérodermie," akawaambia. "Hapana sumu, na hapana mutu aliwaroga. Mwili yenyewe njo inakosea. Inakaza ngozi, na sasa inaanza kukaza mapafu. Dawa ya kuimaliza, hatuna. Lakini musikilize muzuri. Kwa batu bamoja mapafu inabakia vile vile myaka mingi. Kwa bengine inashuka mbio. Kuna mambo yenye inaishusha. Ingine hatuwezi kugusa, sawa vile myaka ya mutu, na damu yenye alizaliwa nayo. Lakini kuna tatu yenye tunaweza. Niwaambie hizo tatu."

Esdras akasogeza kiti. Alikuwa mtu wa kukumbuka maagizo.

"Kwanza, baridi. Mikono yake isipate baridi ata siku moja, juu bidole binaweza kuoza. Avae bya moto, akae fasi ya moto. Pili..."

Hapo mlango ukasukumwa. Muuguzi akasema neno moja kwa Kifaransa, na nyuma yake, uani, lori la kijeshi likaonekana likiteremsha majeruhi. Daktari akasimama na kalamu yake mkononi. "Murudi kisha mwezi moja, nitamaliza," akasema, akaondoka mbio. Walimngoja mpaka saa tisa. Jamali akaja kuwaambia kwamba wasipopita vizuizi kabla ya jioni watalala njiani. Wakarudi Butembo na jambo la kwanza tu.

Wiki mbili baadaye barabara ikafungwa. Watu walipigana upande wa Maboya, njiani kwenda Beni, wakaachana, wakapigana tena. Esdras alimpa barua mwendesha baiskeli mmoja aliyejua njia za milimani, akamwomba daktari aandike hata mstari mmoja. Mwendesha baiskeli hakuonekana tena Vulamba, wala barua.

Basi Esdras akaamua kwamba kama jambo ni moja, litatimizwa sawasawa. Alichukua jambo la kwanza kama mtu aliyepewa amri na mbingu. Akahamisha kitanda kutoka chumbani akakipeleka jikoni, karibu na mafiga, kwa kuwa hakuna mahali pa joto kupita hapo. Akaziba dirisha dogo kwa gunia na nyufa za ukuta kwa udongo. Na yeye mwenyewe, shemasi, akaingia jikoni. Kila siku saa kumi na moja alfajiri aliamka, akapuliza makaa, akapanga kuni kwa ustadi wake wote, na Jokébed alipofungua macho alikuta moto umesimama vizuri. Wanaume wa mtaa walimcheka. Hakujali. Kusema kweli alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu walipooana, maana kwa mara ya kwanza kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa ndiyo kazi aliyoihitaji mke wake.

Kanisa nalo halikubaki nyuma. Mama Rébecca, kiongozi wa akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata mvua, alitangaza kwamba Mama Kitsa, kama walivyomwita Jokébed kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza aliyeolewa Kirumba, hatapata baridi wakati dada zake wako hai. Kila Jumamosi walipanda wakiwa na mafungu ya kuni vichwani, mikaratusi iliyokatwa vizuri, wakaimba kidogo, wakaomba, wakashuka. Rundo lilifika usawa wa dirisha lililozibwa. Jokébed alimshukuru kila mmoja kwa jina lake. "Wasingya," alisema, na kukohoa, na kusema tena, "wasingya."

Kikohozi kilikuwa kinaongezeka, lakini kikohozi alikuwa nacho tangu mwanzo, na kila mtu alisema ni jambo la pili ndilo linalofanya kazi yake huko, kwa kuwa halijulikani. Ikawa kila anayekuja anabahatisha. Mama Rébecca alikuwa na hakika kwamba jambo la pili ni chumvi. Mchungaji aliona ni pilipili. Jirani wa chini akasema maji ya baridi, na mwingine akasema papai. Esdras mwenyewe alifikiri ni jembe. Na kwa kuwa hawakutaka kukosea, walikataza vyote. Kwa miezi minne Jokébed alikula maharagwe yasiyo na chumvi, hakugusa jembe, hakuonja papai, akakaa kando ya moto uliowaka vizuri kuliko moto wowote wa Butembo.

Mara kadhaa Esdras aliporudi kutoka kuchukua kuni alimkuta amesimama nje ya mlango wa jikoni, kwenye ukungu, mikono ameificha kwapani, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama Kitsa, unafanya nini inje? Baridi."

"Nilikuwa ninaangalia kama kumekucha," alijibu, akarudi ndani.

Mwezi wa tisa Jamali akapiga honi chini ya kilima. Barabara imefunguliwa, alisema, na hajui itakuwa wazi kwa siku ngapi, kwa hiyo wapande sasa hivi. Esdras alimfunga mkewe shali mbili, akamvika soksi mikononi, na njia nzima alikuwa anajisifu kwa Jamali jinsi alivyoshika amri ya daktari. Jamali aliposikia kwamba shemasi anapuliza makaa, alicheka mpaka akakosa gia.

Daktari Manassé aliwakumbuka. Alimwambia Jokébed ahesabu. Jokébed akavuta pumzi, akaanza, na Esdras alikuwa anahesabu naye moyoni. Ilipofika kumi na tatu sauti ikawa nyembamba. Kumi na tano ikakatika.

Esdras akafikiri amekosea kuhesabu. Daktari aliinama kumsikiliza mgongoni, akainua kichwa ghafla, akanusa shali.

"Anapikia wapi?" akauliza.

"Hapiki tena. Mimi njo ninapika," Esdras akasema.

"Na analala wapi?"

"Kule kule jikoni, docteur, pembeni ya moto. Mukono yake haijapata baridi ata siku moja. Niliziba ata dirisha."

Alisema hivyo kwa fahari, maskini, kifua mbele. Daktari Manassé akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Muzee, jambo ya pili ilikuwa moshi."

Esdras alisikia masikio yake yakiziba. Aliona rundo la kuni, gunia dirishani, midomo yake mwenyewe ikipuliza makaa alfajiri. Daktari alikuwa anaendelea kusema, kwamba moshi wa jikoni ni sumu kwa mapafu yanayokaza, sawa na tumbaku, kwamba kosa ni lake yeye daktari aliyeacha sentensi katikati, lakini Esdras hakuyasikia vizuri. Aliona aibu na uchungu pamoja. Namba tisa. Mke wake alikuwa na ishirini na nne, na yeye kwa mikono yake amemchomea tisa.

"Mama, ile moshi haikukusumbua?" daktari akamwuliza Jokébed.

Jokébed aliangalia soksi zilizo mikononi mwake. "Kidogo," akasema.

Safari hii daktari alifunga mlango kwa komeo, akamaliza maneno yake. Jambo la tatu lilikuwa tumbo. Ugonjwa huu hulegeza mlango wa tumbo, na mtu akilala chali ameshiba, uchachu hupanda kooni na kuingia kifuani kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo ale mapema, asilale mpaka chakula kimeshuka, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Akampa vidonge vya tumbo, na vingine vichache vya kutuliza mwili usijipige wenyewe. Chumvi, papai na jembe havina kesi yoyote, alisema, ila asijichoshe. Akiona homa au kikohozi kipya asingoje. Na warudi kila miezi minne, barabara ikiruhusu.

"Ile tisa itarudia?" Esdras akauliza.

"Sitakudanganya, muzee. Pengine hapana. Kazi yetu sasa ni kuzuia isishuke tena."

Nje, kwenye ukuta wa hospitali, Esdras alilia, na hakujificha sana. Jokébed alisimama karibu naye amemshika mkono wa koti, akingoja amalize, kama angemngojea amalize kufunga viatu.

Huzuni ya Esdras haikuwa ya aina ya kukaa. Siku ya pili yake alirudisha kitanda chumbani, akatoa gunia, akafungua dirisha, akapaka kuta chokaa ili kuua harufu ya moshi. Kuinua kitanda hakukumpa shida, alitia matofali mawili chini ya kila mguu wa upande wa kichwa, akapima kwa uzi wa kazi mpaka ikawa sawa. Shida ilikuwa joto. Jambo la kwanza bado lilikuwa jambo la kwanza. Chumba kisicho na moto, Vulamba, mwezi wa tisa, kwa mwanamke ambaye vidole vyake vinakufa kwa upepo tu.

Alishuka bondeni kwenye tanuri lake kufikiri, na akiwa amekaa juu ya matofali yaliyotoka siku tatu nyuma, akagundua kwamba makalio yake yana joto. Mchoma matofali yeyote anajua kwamba tofali lililoiva vizuri hushika moto kwa muda mrefu. Esdras alilijua hilo kwa miaka ishirini na miwili, akalitumia kukaushia kaptula zake siku za mvua, na miezi minne yote hakulikumbuka. Akajitukana kwa Kinande, akaanza kazi.

Akajenga tanuri dogo kando ya lile kubwa, la kuchoma matofali kumi na mawili tu, huko huko bondeni ambako moshi una bonde zima la kutembea. Mchana aliyatia moto. Saa kumi jioni, moshi ukiwa umekwisha kabisa, aliyatoa, akayafunga kwa magunia, akayapandisha nyumbani kwa toroli. Sita chini ya kitanda, manne chini ya kiti cha Jokébed, mawili yaliyopoa kidogo kwenye kitambaa kizito, ya mikono. Aliyapima kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, kwa sababu vidole vya mkewe vilikuwa vimeshasahau kusema kitu kikiwa moto sana. Mpaka asubuhi chumba kilikuwa na joto, na hewa yake safi kama hewa ya kanisani siku ya kazi.

Ilibaki habari ya Mama Rébecca. Esdras alipitisha Jumamosi mbili bila kuthubutu, akipokea kuni na kuzipanga. Unamwambiaje mtu kwamba zawadi yake ilikuwa inamwua unayempenda? Jumamosi ya tatu akaenda nyumbani kwake, akakaa ukingoni mwa kiti, akamweleza yote, na kosa akalibeba yeye.

Macho ya Mama Rébecca yakajaa maji.

"Myezi ine nilikuwa ninapanda kule na lukuni ku kichwa," akasema. "Ninaimba."

"Miye pia, mama. Miye njo nilikuwa ninaiwasha."

"Sasa tutamupa nini? Mikono mitupu?"

Esdras akamwambia kuhusu tanuri dogo, kwamba linakula kuni kila siku na yeye hana tena muda wa kukata. Mama Rébecca akafuta macho kwa kitenge. Tangu Jumamosi ile mafungu ya kuni yaliteremka bondeni badala ya kupanda kilimani, na siku Esdras alipokuwa na kazi nyingi, akina mama ndio waliopandisha matofali ya moto, kila mmoja na lake ndani ya kikapu, wakilalamika kwamba linawachoma migongo. Akina mama walifurahi kupita zamani. Kubeba moto mgongoni kulikuwa na hadithi ndani yake, na kuni hazina hadithi.

Jikoni Esdras hakutoka. Aliona ni afadhali moshi umkute yeye. Akatoboa paa, akaongeza bomba la bati, akazoea kupika, na sombe yake ya majani ya muhogo ikaacha kuwa mtihani kwa watu wa nyumba. Waliomcheka wakachoka. Jokébed alikula saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye kiti chake chenye joto, akaongoza sauti ya alto ya kwaya ya kanisa kutoka hapo hapo wenzake walipokuja kufanya mazoezi. Alikohoa, ndiyo. Alipanda kilima polepole na kusimama mara tatu. Lakini alikuwa na amani, na Esdras alipomwangalia alijiambia kwamba namba hakika inapanda. Lazima ilikuwa inapanda, kwa kazi yote ile.

Mwezi wa kwanza, mwaka 2001, walikuwa tena mbele ya Daktari Manassé. Jokébed akavuta pumzi. Esdras alishika kingo za kiti. Alikuwa ameshajipangia ishirini, na kwa Mungu hakuomba hata ishirini na moja, asije akaonekana mlafi.

Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Ikakatika.

Esdras akainamisha kichwa. Lakini daktari aliruka kutoka kitini, akamwita muuguzi aje aone daftari, akamshika Esdras mabega yote mawili.

"Kumi na tano, muzee. Kumi na tano. Unajua nilikuwa ninangojea ngapi? Nilikuwa ninangojea kumi na moja. Hii mapafu imesimama. Nyinyi njo muliisimamisha."

Esdras alimwangalia kama mtu anayeambiwa kwamba nyumba ambayo haijaongezeka hata tofali moja ndiyo nzuri kuliko zote. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, furaha ilimjia polepole, kutoka chini, na juu yake ikabaki ile tisa, imekaa tu.

Njiani kurudi, Jamali akiwa amekaza macho kwenye mashimo ya barabara, Esdras akasema yaliyokuwa moyoni mwake. Alisema hata kama namba zitasimama miaka mia, zile tisa ni yeye alizichukua.

Wakapita kona mbili.

"Papa Kitsa, nilijua," Jokébed akasema.

"Ulijua nini?"

"Moshi. Siku ya tatu tu nilijua. Nikiwa ku moto pumuzi inaziba, nikitoka inje ninapumua. Ile asubuyi ulikuwa unanikuta inje, nilikuwa ninatafuta pumuzi."

Jamali alijifanya hasikii, akapunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Juu ya nini hukusema?" Esdras akauliza.

"Toka nilizaliwa, miye njo ninaamuka kuwashia batu moto. Kwetu Masereka, nilikuwa ninawashia baba na ndugu zangu. Kwako, myaka makumi mbili na tatu. Hapana mutu alitangulia kuamuka kuniwashia." Akapumua kidogo. "Nilikuwa ninalala macho wazi, ninakuangalia unapuliza. Ulikuwa na furaha. Nikajiambia, ngoja kwanza, kesho nitasema."

Hakuna aliyemkemea. Esdras alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia, kwa sababu alikuwa anapendwa vibaya sana na alikuwa amependa vibaya vile vile. Akamshika ile mikono yenye soksi.

"Safari ingine useme," akamwambia. "Ata kama itaniumiza. Ata mbele ya batu. Unasikia, Mama Kitsa? Ukinyamaza, docteur hawezi kukusaidia, miye pia hapana."

"Nitajaribu," Jokébed akasema, kwa sauti ya mtu anayeahidi kuinua jiwe.

Kwenye kizuizi kabla ya Maboya wakasimamishwa. Askari mmoja, kijana mwenye ndevu changa na bunduki yenye kamba ya rangi, hakuomba karatasi. Alifungua mlango tu akapanda, akambana Jokébed katikati, akaweka bunduki magotini. "Tunaenda," akamwambia Jamali. Jamali akaondoa lori. Katika miaka ile dereva hakumwuliza askari anakwenda wapi, na abiria hakumwangalia usoni. Hata Mama Rébecca angenyamaza.

Askari akafunga kioo kwa sababu ya vumbi. Akatoa sigara, akaiwasha.

Moshi ukajaa pale mbele mara moja. Esdras aliona shingo ya mkewe ikikaza, aliona anavuta pumzi ya kwanza na kuizuia. Akafungua mdomo. Bunduki ilikuwa inamwangalia yeye tumboni. Alijichukia, akajaribu tena, hakikutoka kitu. Jamali alikuwa amekodoa macho barabarani kama mtu anayeendesha juu ya mayai.

"Mwana yangu," Jokébed akasema.

Askari akageuka.

"Niko na ugonjwa ya mapafu. Moshi inaniua. Zima ile sigara, na ufungue kioo."

Hakuomba radhi mbele, wala hakuomba radhi nyuma. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto wake afunge mlango wa mbuzi, kisha akakohoa na kungoja.

Askari alimwangalia. Akaangalia soksi zilizokuwa mikononi mwake, na mdomo uliokaza, na labda akamwona mtu mwingine, wa kwao, popote kwao kulikokuwa. Akashusha kioo. Akaitupa sigara nje, karibu nzima.

"Limbisa ngai, mama," akaomba radhi kwa Kilingala, na akasogea mlangoni ili ampatie nafasi.

Hewa ya milimani ikaingia, baridi na safi. Esdras aliivua kofia yake, akaifunika juu ya mikono ya mkewe, na mkono wake mwenyewe akauacha hapo juu. Jokébed alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, moja baada ya nyingine, zote zake.

"Sasa ninasikia baridi, Papa Kitsa," akasema baada ya muda. "Nipe koti yako pia."

Esdras akampa.